Monita ya gemu kwa bei ya monita ya ofisi, hapa hapa Mwanza

Nimechoka kuambiwa "nunua tu TV, ni kitu kile kile." Ameniambia shemeji, ameniambia fundi simu jirani yangu pale Mabatini, na hata mteja mmoja aliyekuja kwenye steshenari yangu kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, akanikuta naperuzi bei za monita kwenye simu, naye akanishauri TV. Kila nyumba ina TV, kwa hiyo kila mtu ni mtaalamu wa skrini. Basi leo monita iko mezani kwangu, inchi 24, Hz 144 (yaani picha 144 kwa sekunde), na pesa niliyotoa haikufika nusu ya ile niliyotajiwa madukani kwa mpya ya kiwango hicho. Nitaeleza nilivyoipata, ila naanza na TV ya shemeji, maana hiyo habari ni tamu mno kuiruka.

Kwanza mjue mashine yenyewe. Ni Dell OptiPlex iliyostaafu ofisini kwa watu, nikaichomeka kadi ya picha ya GTX 1650, ile fupi inayopata umeme kupitia ubao wenyewe bila waya wa ziada. Si mashine ya kutisha mtu. Ila ukishusha mipangilio, Valorant inapaa na Counter-Strike 2 inakwenda vizuri, na hizo ndizo ninazocheza nikishafunga biashara. Nilikuwa nazichezea kwenye kimonita cha mraba cha inchi 19, kwa adapta, adui akitokea kona ya kulia namwona akishanimaliza.

Shemeji yuko Igoma, ana TV ya inchi 43 na moyo wa ukarimu. Akasema njoo na kompyuta yako uone utamu. Nikaenda. Picha kubwa kweli, rangi zinang'aa, watoto wakakaa chini kutazama. Lakini nikisogeza kipanya, mshale unanifuata nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Nikamwambia shemeji, hii TV inachelewesha. Akacheka. "Shemeji, mkono wako ndio mzito. Umeme unakimbia, utachelewaje kwenye waya wa mita moja na nusu?"

Hapo ndipo nilipomfanyia jambo ambalo nawashauri wote wenye mashemeji wabishi. Nilikuwa na laptopu ya dukani. Nikaiunganisha na TV kwa HDMI, nikachagua picha ile ile ionekane pande zote mbili, kisha nikafungua saa ya kuhesabu sekunde, ile yenye tarakimu za mia za sekunde. Nikaiweka laptopu mbele ya TV, nikachukua simu nikapiga picha zote mbili zikiwa kwenye fremu moja. Saa ni moja, inatoka kwenye kompyuta moja, kwa hiyo kama TV haichelewi namba zilipaswa kufanana. Hazikufanana. Laptopu ilikuwa mbele kwa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Shemeji akasema waya ni mbovu. Tukabadilisha waya. Bado. Akasema simu yangu ndiyo inayopiga picha kwa kuchelewa, jambo ambalo hata mwanawe wa darasa la sita alilikataa, kwa sababu skrini zote mbili zimo kwenye picha moja. Akapiga kwa simu yake mwenyewe. Akakuza picha kwa vidole viwili. Akanyamaza. Tukapiga nyingine kadhaa, kwa sababu skrini ya Hz 60 inabadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7 na namba zinaruka, usiamini picha moja. Zote zilisema hivyo hivyo.

Sababu si waya. TV nyingi hupokea picha, zikaanza kuipamba: zinalainisha mwendo, zinakoleza rangi, zinanoa kingo, ndipo zinakuonyesha. Kwa taarifa ya habari haina shida, sauti nayo inacheleweshwa ilingane. Kwa mtu anayelenga kichwa cha adui ni balaa. Nyingi zina hali ya gemu kwenye menyu, inayozima mapambo hayo. Tuliitafuta na rimoti mpaka tukaipata, tukapiga picha tena, pengo likapungua sana, likabaki la mia chache za sekunde. Kwa hiyo kama TV ndiyo uliyo nayo na huna pesa nyingine, washa hiyo. Shemeji ameiacha imewashwa tangu siku hiyo na sasa ananifunga mpira kwenye FIFA mbele ya watoto wake. Shukrani yangu ndiyo hiyo.

Turudi kwenye monita. Hz ni idadi ya mara skrini inavyobadilisha picha kwa sekunde. Ya 60 inakupa picha mpya kila milisekunde 16.7, ya 144 kila milisekunde 6.9. Lakini kadi yako isipozalisha picha za kutosha, Hz 144 ni pambo. Nilikaa jioni moja tu na programu inayoonyesha idadi ya picha kwa sekunde, nikaona Valorant inazidi 144 bila jasho na GTA V inacheza huku chini zaidi. Nikajua nahitaji nini. Anayecheza GTA na mpira peke yake asijisumbue na habari yangu. Atafute monita ya ofisi ya IPS (aina ya paneli ya skrini) iliyotumika, kama Dell P2419H, ya Hz 60, rangi safi, bei ya huruma, maisha yaendelee.

Madukani mjini, maeneo ya Rwagasore na kuzunguka, nilikutana na kitu kinachoitwa "monita ya gemu." Ina mstari mwekundu mgongoni na miguu iliyochongoka. Ukigeuza boksi: Hz 75. Si mbaya, ila mstari mwekundu ndio unaolipia. Kijana mmoja alinisisitizia kwamba kasi ya skrini hiyo kubadilika ni milisekunde 1, bosi, milisekunde 1! Nikamwomba anisomee herufi ndogo pembeni ya hiyo 1. Zilikuwa MPRT. Kipimo hicho mara nyingi hupatikana kwa kuifanya taa ya nyuma iwake na kuzima haraka haraka ili jicho lisione ukungu, na ukiwasha hali hiyo skrini inapungua mwanga. Kile kingine, GtG, ndicho kinachopima pikseli yenyewe kubadilika kutoka kijivu kimoja kwenda kingine. Ni vitu viwili, msivilinganishe. Kijana akaniambia, "Kaka, wewe ulikuja kununua au kufanya mtihani?"

Wakanionyesha pia inchi 27 iliyopinda, ya VA, aina nyingine ya paneli. Nyeusi yake ni nyeusi haswa, nakiri. Ila ilikuwa 1920 kwa 1080, na kwa ukubwa huo unapata kama nukta 82 kwa inchi, wakati inchi 24 inakupa karibu 92. Nikikaa karibu na meza yangu nyembamba naziona nukta. Na VA nyingi za bei ya chini, vitu vyeusi vikikimbia vinaacha mkia wa masizi. Nikaaga.

Mali ya mtumba ndiyo iliyonitoa. Kuna watu mjini wanaoleta monita za maofisi kwa mafungu, wanazipanga juu ya meza zikitazama barabara, wengine utawakuta upande wa Makoroboi. Wanunuzi wote wanaangalia mbele: ina mkwaruzo? ni inchi ngapi? Mimi naangalia mgongo. Mgongoni kuna matundu na jina la modeli, na hivyo viwili vinakwambia karibu kila kitu. Monita yenye matundu ya zamani tu, VGA na DVI nyeupe, ipite. Nikainamisha moja iliyokuwa imebanwa kati ya HP mbili, nikasoma: ASUS VG248QE. Moyo ukaruka, uso nikauzuia.

Hiyo ni monita ya 2013, paneli ya aina ya TN, Hz 144, iliyokuwa ikililiwa na vijana wa Counter-Strike enzi hizo. Ina HDMI, DVI na DisplayPort. Siri yake ni kwamba tundu la HDMI linaishia Hz 60. 144 inatoka kwenye DisplayPort, au kwenye DVI ya waya wa njia mbili. Muuzaji alikuwa ameijaribu kwa HDMI kama anavyojaribu zote. "Mwangaluka, baba. Hii Hz ngapi?" Akanijibu salamu, akasema 60, kama hizo nyingine, ila hii ni ASUS kwa hiyo niongeze kidogo.

Nikaanza kulalamika kuhusu stendi. Kweli stendi ilikuwa na mikwaruzo. Nikalalamika kuhusu fremu nene, monita za siku hizi hazina fremu nene hivyo, mzee wangu. Tukapanda, tukashuka, tukafika laki na kitu, kwa sharti kwamba nikiijaribu nikaridhika ndipo nalipa. Hapo tu ndipo nilipotoa waya wangu wa DisplayPort kwenye begi. Elewa mpangilio: bei kwanza, waya baadaye. Ningeanza na waya, angeniuliza huo ni wa nini.

Kompyuta yake ya majaribio ilikuwa OptiPlex ndugu ya yangu, ina DisplayPort nyuma ambayo hakuna aliyewahi kuigusa, vumbi limejaa. Nikachomeka, nikaingia kwenye mipangilio ya skrini ya Windows, ukurasa wa ndani kabisa wa onyesho, orodha ya Hz. 144 imekaa pale juu inanisubiri. Sikuichagua. Nilifunga ukurasa, nikaendelea na majaribio kwa uso wa mtu aliyefiwa. Anayeniona mwizi anieleze kama yeye huwa anamwambia muuza sato kwamba samaki wake ni mkubwa kuliko bei aliyotaja.

Kwenye flashi nilikuwa na picha nilizochora mwenyewe kwa Paint: nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Unazifungua moja moja zijaze skrini nzima, unatafuta nukta iliyokataa kubadilika. Kwenye nyeupe nikaona doa jeusi, kona ya chini kulia. Nikalimulika kwa tochi ya simu na kulikuza. Lilikuwa na miguu. Mdudu aliingia ndani ya paneli akafia humo. Muuzaji mwenyewe alicheka akakata elfu kumi za mazishi. Mdudu bado yupo, simsumbui, maana ukibonyeza skrini ili umwondoe unaweza kumponda akaacha doa kubwa zaidi.

Lebo ya umeme nyuma inasoma volti 100 hadi 240, hilo nalo litazame kabla ya kulipa, mali ya mtumba inatoka pande zote za dunia.

Nilirudi nayo kwa bodaboda, imefungwa blanketi, uso wa skrini ukitazama kifua changu na si mgongo wa dereva, asije akafunga breki pikseli zikaisha. Nyumbani chomeka kwenye kadi, chini kule, siyo kwenye ubao wa kompyuta. Na Windows haitakuwekea 144 yenyewe kila mara; yangu ilikaa 60 mpaka nilipoibadilisha kwa mkono. Nina rafiki Nyegezi amekaa muda mrefu na monita ya 165 aliyonunua mpya, akijisifu, tukaifungua tukakuta 60. Sikumcheka sana, alikuwa amenipikia.

TN ina kasoro zake. Ukiitazama kutoka chini rangi zinageuka. Mke wangu akiwa kitandani anasema watu wote kwenye tamthilia ni wagonjwa. Haina FreeSync, ile inayoifanya skrini iende sambamba na kadi, kwa hiyo zikipishana mchano kwenye picha unaonekana, ingawa kwa 144 ni mdogo. Napunguza idadi ya picha kwenye mipangilio ya gemu, naendelea.

Anayeagiza Dar, monita ikaja kwa basi mpaka stendi, amwambie muuzaji amtumie video ikiwa imewashwa, ukurasa wa Hz na jina la modeli vionekane kwenye video hiyo hiyo bila kukata. Boksi lenye nafasi ndani walijaze matambara. Na UPS ndogo ya ofisi, ile betri ya umeme ukikatika, inaitosha, monita ya LED ya inchi 24 hainywi umeme mwingi. Kinachokunywa ni kompyuta.

Kwa tunaokaa karibu na ziwa: zile jioni wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama moshi, funga dirisha kabla hujawasha, au washa taa ya nje iwavute huko. Wakishatua kwenye skrini usiwafute kwa kiganja, wapulize tu. Nina mmoja ndani tayari, nafasi imejaa.