Ultrasaundi ya korodani ya mtoto: anza upande wenye afya

Korodani ya mtoto ambaye hajabalehe mara nyingi haifiki ujazo wa mililita 2, na damu yake hupita polepole. Ukitafuta uvimbe kwa mipangilio ya mtu mzima, Dopla (sehemu ya ultrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu) itakuonyesha kiza tu, nawe utaandika "hakuna damu" pasipostahili.

Tumia transdusa (kifaa cha kushika mkononi kinachowekwa kwenye ngozi) bapa ya megahezi 12 au zaidi. Jeli iwe vuguvugu, kwani baridi huifanya korodani ipande kwenye kinena. Anza upande usio na tatizo: shusha kiwango cha kasi, punguza kichujio kinachoondoa mtiririko wa polepole, ongeza geini (ukuzaji wa mawimbi yanayorudi) mpaka chembe za kelele zianze kuonekana, kisha rudi nyuma kidogo. Hamia upande wa pili bila kubadilisha mipangilio hiyo. Mwisho, piga picha moja ya korodani zote mbili zikiwa kando kwa kando. Binafsi naiona picha hiyo kuwa muhimu kuliko zote, maana uvimbe wa mfuko wa kiini (yolk sac tumor, aina ya saratani ya korodani) wakati mwingine hauna mpaka. Unachoona ni korodani iliyonenepa na yenye damu nyingi kuliko mwenzake.

Teratoma, uvimbe wenye tishu za aina mbalimbali, huwa na vifuko vya maji na chembe za chokaa. Epidamoidi, uvimbe usio saratani, ina duara ndani ya duara kama kitunguu kilichokatwa, bila damu ndani. Vifuko vingi kwa mtoto wa chini ya miezi 6 vikumbushe uvimbe wa granulosa wa utotoni (juvenile granulosa cell tumor). Pande zote mbili zikiathirika, fikiria lukemia (saratani ya damu), au mabaki ya tezi ya adrenali (tezi iliyo juu ya figo) kwa mtoto mwenye kasoro ya kuzaliwa ya tezi hiyo. Hayo ya pili hutibiwa kwa dawa za steroidi, kwa hiyo uliza kabla kisu hakijashikwa.

AFP (protini ya damu inayopimwa kutafuta uvimbe wa aina hii) nayo hupotosha. Kwa mtoto mchanga huwa juu sana kwa kawaida, na hushuka taratibu kwa miezi mingi. Isomwe kwa umri wake.

Usichome sindano ya kuchukua sampuli ya uvimbe kupitia pumbu. Limfu ya korodani hupanda tumboni, kando ya aota (mshipa mkuu wa damu), karibu na figo. Ngozi ya pumbu hupeleka yake kwenye kinena. Sindano hufungua njia mpya ya kusambaa. Upasuaji hupitia kinena, na CT hutafuta tezi za limfu zilizovimba tumboni na madoa kwenye mapafu.

Katika ripoti, andika pia ni kiasi gani cha korodani yenye afya kimebaki pembeni mwa uvimbe. Daktari wa upasuaji atakitafuta akipima kama anaweza kutoa uvimbe peke yake.