Haja ya Imani Haianzii Kwenye Maswali

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu dini ni kwamba mwanadamu wa kale aliisikia radi, akaogopa, akakosa jibu, akamzulia mungu; na kwamba kadiri shule na maabara zinavyoongezeka, haja hiyo itapungua yenyewe. Nimekuwa nikiyasikia tangu kidato cha tano, na kila nikihudhuria khitma, kisomo cha Kurani cha kumwombea marehemu, nayaona hayatoshi.

Wiki iliyopita tulimsomea khitma jirani yetu hapa mtaani. Baada ya swala ya alasiri kililetwa kile kisanduku chenye msahafu uliogawanywa juzuu 30, kila mmoja akachukua lake, na kwa muda usiofika saa nzima Kurani yote ikawa imesomwa kwa sauti za chini zilizopishana, huku ubani ukifuka katika chetezo karibu na mlango. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye ni mhandisi na si mtu wa msikitini sana, alichukua Juzuu Amma kwa sababu ndilo alilohifadhi chuoni utotoni. Hakuna aliyeuliza ulimwengu umetoka wapi, wala kwa nini mzee amefariki. Habari ya figo zake madaktari walikuwa wameshaieleza ikaeleweka. Kilichokosekana ni kazi. Watu waliokuwa wakihangaika miezi kadhaa kumpeleka na kumrudisha mgonjwa walijikuta ghafla hawana la kufanya, na dini ikawapa: soma hili, itikia amina, kula, uje tena siku ya arobaini.

Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia aliyeishi visiwa vya Trobriand karibu na Guinea Mpya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika jambo ambalo mvuvi yeyote wa pwani yetu angelikubali bila ubishi. Wenyeji walipovua katika maji tulivu ya ndani, ambako samaki walipatikana bila wasiwasi, hawakuhitaji uganga. Walipotoka kwenda bahari kuu, ambako chombo huweza kisirudi, uganga ulitangulia. Walikuwa watu walewale, wenye ujuzi uleule.

Ndiyo maana sikuungana na waliowacheka wasafiri wa Loliondo mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aligawa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, na foleni ya magari ikanyoosha kilomita nyingi porini. Waliitwa wajinga, ingawa katika foleni ile walikuwamo wasomi na viongozi wa serikali, na wengi walikuwa na maradhi ambayo hospitali ilishawaambia kwamba wataishi nayo mpaka mwisho: kisukari, Ukimwi, saratani. Sidai kwamba kikombe kiliponya. Wako walioacha dawa zao wakazidiwa, na wako waliofia njiani kabla ya kukifikia. Ninachodai ni kwamba watu hawa hawakukosa elimu ya ugonjwa wao, bali walikosa hatua inayofuata, na Samunge ikaonekana kuwa nayo.

Mwenye haja ya namna hiyo ni rahisi kuongozwa popote, na siwezi kuitetea imani huku nikilificha hilo. Mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kupita juu ya mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Ubaya wa tukio lile sioni kama unathibitisha kwamba haja yenyewe ni ya uongo. Njaa nayo huwafanya watu wale kilichooza.

Wapo wanaonijibu kwamba nchi ikiwa na hospitali nzuri na pensheni ya uhakika haja hii huisha, na Denmark ndiyo hutajwa mara nyingi. Ni kweli makanisa mengi ya huko huwa karibu matupu Jumapili, na nakubali kwamba usalama wa maisha hupunguza sehemu ya hofu inayowapeleka watu ibadani. Hata hivyo zaidi ya watu saba katika kila kumi bado wamesajiliwa katika kanisa la taifa na hutozwa kodi yake, ilhali sheria inawaruhusu kujitoa. Mazoea yana sehemu yake, sikatai. Lakini mazoea peke yake hayaelezi kwa nini wengi wao, wasioonekana kanisani mwaka mzima, humwita kasisi mtu wao anapofariki.