Kirikou alipochoka

Kyeshero, Goma. Jumamosi usiku.

Jana umeme ulirudi saa mbili usiku, nikampakata mtoto wa kaka yangu tukatazama tena Kirikou. Ana miaka 6. Filamu hii ya katuni ya Michel Ocelot, ya mwaka 1998, inamhusu Kirikou, mtoto mdogo mno wa kijijini; mimi niliiona mara ya kwanza kwa jirani, tumebanana watoto chungu nzima mbele ya televisheni moja.

Mtoto aliinuka kabisa alipoona chemchemi ya kijiji imekauka. Mambo ya maji anayajua. Kila asubuhi dada yake hushuka ziwani juu ya mawe ya lava na bidoni ya njano, naye humfuata nyuma na yake ya lita 5. Kirikou alipopenya kwenye tundu la chemchemi ile, akamkuta mnyama aliyevimba kwa kunywa maji yote, akamtoboa kwa chuma cha moto, kijana wangu alipiga makofi. Ni Kirikou tu aliyeweza kupita pale.

Hapo ndipo ninapompimia shujaa mnyonge. Katuni nyingi hutuletea mtoto anayedharauliwa, halafu katikati ya safari tunaambiwa kumbe ni mwana wa mfalme, au ujio wake ulitabiriwa zamani. Huyo kwangu hakuwahi kuwa mnyonge. Kirikou anashinda kwa udogo uleule wanaomchekea: anajificha chini ya kofia ya mjomba wake, anachimba njia ardhini hadi kwa Karaba, mchawi anayekitesa kijiji. Na analiuliza swali ambalo wakubwa wote wameliacha: kwa nini Karaba ni mbaya?

Lakini jana nilishikwa na sehemu nyingine. Amefika kwa babu yake mlimani. Anaomba hirizi, babu anamnyima. Kisha Kirikou anakiri kwamba wakati mwingine anachoka kupigana peke yake, kwamba yeye ni mdogo na anaogopa kidogo. Babu anampakata. Miaka yote nilikuwa nikingojea Kirikou aung'oe kwa meno ule mwiba unaomtesa Karaba mgongoni. Mapaja ya babu niliyapita haraka, kama mtu anayepita kituo kisicho chake. Bila dakika ile angebaki mtoto mwerevu tu. Baada yake, anaposhuka kwenda kwa Karaba, najua ameubeba uoga wake mzima mzima.

Mwisho bado unanisumbua. Karaba anambusu, Kirikou anageuka mwanamume mrefu, kijiji kinasita kumtambua. Mama yake ndiye anayemjua. Ni ngano, naelewa, na ngano zina desturi zake. Ila mtoto alinigeukia:

"Tantine, juu ya nini wanamukuza?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamrudishia filamu nyuma hadi kwa babu, tukaitazama sehemu ile mpaka umeme ulipokatika.