Kolonoskopi ya mtu asiyeumwa

Kila nikipanda hospitali ya Bugando, Mwanza, kupima utumbo kwa kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, lazima ndugu mmoja aulize, kwani unaumwa? Siumwi jamani, na naenda nikiwa mzima hivi hivi, kwa sababu ukisubiri tumbo liseme lenyewe umeshachelewa.

Kwetu kuna FAP, ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu kwenye jeni ya APC, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi 50 kwa 100 ya kuichukua, wa kike wa kiume sawa tu. Vinyama vinaota kwenye utumbo mpana, wenyewe wanaviita polipu, na sio kimoja viwili ni mamia mpaka maelfu, haviumi, na bila matibabu karibu kila mwenye nao anaishia kupata kansa, wengi hata miaka 50 hawajafika. Zamani kwetu damu kwenye choo iliitwa bawasiri, wakifa wawili watatu ikawa tumerogwa. Ndo maana watoto wa koo kama yetu wanaanza kupimwa na miaka 10 mpaka 12, halafu kila mwaka au miwili. Polipu zikiwa bado chache daktari anazikata palepale na kawaya ka kitanzi, zikizidi ni operesheni ya kutoa utumbo mpana, na hata hapo kamera hauachani nayo, sehemu iliyobaki inaangaliwa, na utumbo wa juu pia.

Kipimo chenyewe wala, ukishachomwa dawa ya usingizi hata hujui kimeisha saa ngapi. Shughuli ni siku ya kabla. Shemeji anakaanga sato mlango wa pili, we uko na chai ya rangi na maji, juisi ya rozela marufuku maana ule wekundu mule ndani unafanana na damu, halafu jagi la dawa ya kuharisha, chumvi chumvi hivi, unakunywa mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano yasiyo na kitu. Kama umepanga na choo ni cha wote, ongea na wapangaji wenzio mapema, mi niliomba funguo ikae kwangu usiku kucha.

Mdogo wangu wa dagaa pale Kirumba anasema hana nafasi. Sawa, mbalamwezi ikitoka mitumbwi haiendi, nimeshamwambia aende siku hizo, na akikutwa na polipu mwanae wa miaka 11 ndo anafuata.