Nilivyokata kitako cha bunduki ya mjomba na kukitia mpira

Bunduki ya marehemu mjomba ilikuwa inanipiga kuliko ilivyopiga shabaha. Baada ya risasi tano bega linauma, baada ya kumi naanza kufumba macho kabla hata sijavuta triga, na ukishafika hapo hulengi tena, unabahatisha. Kaliba yake, yaani aina ya risasi inayotumia, ni .30-06, ile iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, na hiyo 06 ya mwisho ndiyo mwaka wenyewe. Si risasi ya kuchezea. Mjomba alikuwa mtu wa futi sita na ushee. Mimi kwake nilikuwa naishia kifuani. Kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani, kilimfaa yeye, na mwishoni mwake palifungwa bamba jembamba la plastiki, gumu kama sahani.

Mawazo yangu yalikuwa mepesi: nanunua mpira wa kupunguza teke la bunduki, natoa bamba, nafunga mpira, basi. Mzee mmoja tunayelenga naye shabaha ndiye aliyenizuia. "Mwanangu," akaniambia, "kitako kirefu ukikiongezea mpira, umezidisha urefu. Kwanza funga macho, iweke begani kama unataka kupiga, halafu tazama imekaa wapi." Nikafanya hivyo, bunduki ikiwa tupu. Nilipofumbua macho, kitako kilikuwa nje kabisa ya bega, juu ya msuli wa mkono. Hapo ndipo palipokuwa panavilia damu kila mara, nami nikidhani ni ukali wa risasi.

Urefu unaohesabika ni ule wa kutoka uso wa triga hadi katikati ya mwisho wa kitako. Bunduki nyingi za kiwandani huwa na inchi 13 na nusu hivi, yaani karibu sentimita 34. Ya mjomba ilikuwa na 36 kamili, na katika hizo bamba lilichukua milimita 6. Wapo wanaopima kwa kuweka kitako kwenye kiwiko na kuangalia kama kidole kinafika kwenye triga. Nilijaribu, kipimo kikanidanganya, kwa sababu hakijui shingo yako ni ndefu au fupi wala umevaa koti gani. Kilichonisaidia ni kuiweka begani nikiwa na nguo nilizozoea kupigia, kisha mtu akatazama nafasi iliyopo kati ya pua yangu na kidole gumba kilichoshika shingo ya kitako. Vidole viwili au vitatu vinatosha. Kwangu palipita kiganja kizima.

Nikaamua niishie sentimita 34 na nusu. Hesabu ikawa hivi: mbao bila bamba ni 35.4, mpira nilioununua una unene wa 2.5, kwa hiyo mbao ibaki 32, na msumeno uondoe 3.4. Hesabu hiyo niliiandika juu ya meza ya kazi kwa kalamu ya seremala, nikaiacha siku mbili, nikapima upya. Mbao ikishakatwa hairudi.

Kabla ya lolote nilitoa magazini, nikavuta bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, na kuiweka chumba kingine, nikachungulia chemba, pale risasi inapokaa, nikaingiza na kidole. Kisha nikafungua skrubu za chini na kutenganisha chuma na mbao. Kilichobaki mezani kilikuwa kipande cha mbao tu.

Kukata kulinitisha kuliko kulivyostahili. Nilizungushia kitako utepe wa karatasi wa mafundi rangi, mizunguko mitatu, ili vanishi isichanike na nyuzi za mbao zisibanduke msumeno unapotokea upande wa pili. Mstari niliuchora juu ya utepe, nikiupima kutoka mwisho wa zamani, 3.4 juu na 3.4 chini, pande zote mbili. Kufuata mwisho wa zamani ni muhimu: ukiupindisha mstari, kitako hakitalala begani sawasawa, kitagusa kwa ncha ya juu au ya chini, na teke lote litakwenda hapo. Tena kitako hakina ubavu ulionyooka, kinatanuka kuelekea nyuma, kwa hiyo nilikipigia kabari za karatasi ngumu ili msumeno ushuke wima. Msumeno wa meno madogo, mkono mwepesi, dakika kumi. Kile kipande cha mjomba kilichodondoka ninacho bado.

Mwisho uliokatwa niliusawazisha kwa msasa uliogandishwa juu ya kioo, nikisugua mbao juu yake na si msasa juu ya mbao. Matundu ya zamani hayakulingana na ya mpira. Nikayaziba kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, nikaacha hadi kesho yake. Halafu nikapaka mwisho huo vanishi mara mbili, kwa sababu mbao iliyokatwa kinyume na nyuzi hunywa unyevu kama sifongo, na ukishafunikwa na mpira hutauona ukivimba.

Sasa mpira wenyewe. Ule wa kuchonga huja mkubwa kuliko kitako, nawe unaupunguza hadi ulingane. Una sehemu mbili: mpira laini, na chini yake bamba gumu jeusi. Matundu ya skrubu yako kwenye bamba, lakini usoni hayaonekani. Unasukuma msumari uliochongoka kutokea nyuma, uso unapanda kidogo, unaupasua kwa wembe, mpasuko wa milimita chache tu. Skrubu inapita humo, na mpasuko unajifunga baada yake. Mpira wa kwanza niliuharibu kidogo papo hapo. Niliingiza bisibisi kavu, ikauvuta mpira ukazunguka nayo, mpasuko ukawa tundu. Skrubu na shina la bisibisi vinatakiwa kupakwa mafuta ya mgando, na shina liwe la mviringo, laini, lisilo na kona.

Ukiwa umefungwa vizuri, unachukua msumari uleule na kuchora umbo la kitako kwenye lile bamba jeusi, ukiuegemeza kwenye ubavu wa mbao. Unabaki mstari mweupe, mwembamba. Huo ndio mpaka wako. Unaufungua mpira, unakwenda nao kwenye mashine ya msasa.

Nami hapo ndipo nilipochekesha watu. Nilisaga kwa uangalifu wote, pembe mraba kabisa na bamba, nikafika kwenye mstari bila kuuvuka. Nikaufunga, nikarudi nyuma hatua tatu kuutazama. Ulikuwa umelingana na mbao mahali pamoja tu, pale vilipokutana. Kuanzia hapo mpira ulikwenda njia yake. Mstari wa chini wa kitako hushuka tangu shingoni hadi kwenye kisigino cha chini, na mpira nao ulipaswa kuendelea kushuka kwa mwinamo huohuo. Wangu ulikata kona, ukafanana na kiatu kilichokatwa ncha. Hakuna namna ya kurudisha mpira ulioondoka. Nikanunua wa pili.

Kwa ule wa pili nilipima mwinamo kwa kuweka rula chini ya kitako, nikaitokeza nyuma, nikatia alama ubavuni mwa mpira. Kisha nikainamisha meza ya mashine hadi alama ikawa sambamba na msasa. Sehemu ya chini nikaisaga kwanza, maana ndiyo ngumu, halafu juu, mbavu nikaziacha mwisho. Msasa namba 80 kwa kazi kubwa, 120 unapokaribia mstari. Usikandamize. Mpira ukipata joto hauchongeki, unayeyuka na kupaka, na msasa unaziba. Vumbi lake ni jeusi, jepesi, linaingia popote. Fanyia nje, vaa barakoa na miwani. Mimi barakoa niliikumbuka nikiwa nusu ya kazi, na jioni nilipopenga kamasi nilijuta.

Niliacha unene wa kama kucha nje ya mstari, nikaufunga mpira kwenye kitako, nikazungushia mbao utepe hadi ukingoni kabisa, nikamalizia kwa mkono na msasa namba 220 uliozungushiwa kipande cha mbao. Utepe unapoanza kuchubuka, ujue umefika. Kazi hiyo ilinichukua jioni mbili, na ndiyo niliyoifurahia kuliko zote.

Kitu kimoja hakuna aliyenionya. Kitako kikifupika, jicho lako linasogea mbele, na darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki iko palepale. Nilipoirudisha bunduki begani, ukingo wa darubini ulikuwa karibu kunigusa nyusi. Ningepiga hivyo, ningechanika. Nililegeza vikuku vinavyoishika, nikaisogeza mbele hadi nikaona duara zima bila kunyoosha shingo, nikakaza, na baadaye ikabidi kulenganisha upya kabisa.

Siku ya kujaribu nilianza na risasi tatu. Teke lipo. Mpira haufuti nguvu ya risasi, unaichelewesha kidogo na kuitandaza, na yale maumivu ya ncha yanageuka kuwa msukumo. Lakini nadhani nusu ya nafuu niliyoipata haikutoka kwenye mpira. Ilitoka kwenye zile sentimita 3.4, kwa kuwa sasa kitako kinakaa begani penyewe. Nilipiga 20 siku hiyo, na usiku nikalala kwa ubavu wa kulia.

Mzee aliichukua, akapitisha kidole gumba kando ya kiungo, taratibu, pande zote. Chini kabisa, upande wa kushoto, akasimama. Pana ngazi ndogo pale, isiyozidi unene wa karatasi mbili. Akanitazama, hakusema kitu, akanirudishia.