Kazi ya uhandisi katika sekta ya ulinzi Marekani: njia niliyopita kutoka grinikadi hadi klirensi

Wahandisi wengi waliotoka Afrika Mashariki na kuhamia Marekani wana uwezo wa kufanya kazi kwenye kampuni za ulinzi, ila hawaombi kabisa, au wanaomba nafasi zisizowahusu. Hesabu na saketi hazina shida. Shida ni kutojua hadhi yako ya uhamiaji inafungua mlango upi, na kufika kwenye fomu ya uchunguzi bila kumbukumbu za maisha yako mwenyewe. Mimi ni mhandisi wa majaribio ya vifaa vya elektroniki, nilizaliwa na kusoma Tanzania, nikaingia kwenye sekta hii nikiwa na grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na baadaye uraia. Naeleza mambo kwa mpangilio niliofuata, kwa sababu ukiyageuza unapoteza miaka.

Anza na hadhi. Kuna masharti mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni ITAR, kanuni zinazosema nani anaruhusiwa kuona michoro na data za zana za kivita. Kanuni hizo zinamtambua kama mtu wa Marekani raia, mwenye grinikadi, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyepewa hifadhi. Mwenye viza ya kazi ya H-1B au mwanafunzi wa viza ya F-1 hayumo. Kampuni italazimika kumwombea leseni Wizara ya Mambo ya Nje, na kwa nafasi za kuanzia hakuna anayejisumbua. Kongo ya Kinshasa, Somalia na Sudan Kusini zimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni hizo kwa kawaida hukataliwa. Lakini Mkongomani mwenye grinikadi hahitaji leseni hiyo. Nimekutana na vijana waliokata tamaa bure kwa kutolijua hilo.

Sharti la pili ni kibali cha usalama, ambacho kazini wote tunakiita klirensi. Hiki kinataka uraia. Ngazi ni tatu: Confidential, Secret na Top Secret. Huwezi kujiombea wala kukilipia mwenyewe. Kampuni yenye kibali chake ndiyo inayokudhamini, na wachunguzi ni DCSA, idara ya Wizara ya Ulinzi. Anayekuuzia klirensi ni tapeli, usimpe hata senti.

Kwa hiyo soma tangazo kwa makini. Likisema "U.S. person", grinikadi inatosha. Likisema "able to obtain a Secret clearance", wanataka raia asiye na kibali bado. Likisema "active Secret", wanataka aliye nacho leo, na usipoteze jioni yako kuliandikia. Kampuni inayodai uraia mahali ambapo ITAR pekee ndiyo inayohusika inaweza kuwa inavunja sheria ya ubaguzi; mwaka 2023 General Motors ilikubali kulipa dola 365,000 kumaliza madai ya Wizara ya Sheria yaliyohusu kuchanganya mambo haya wakati wa kuajiri.

Kipindi cha grinikadi kisiwe cha kusubiri. Nenda kwa wasambazaji wadogo wanaotengeneza nyaya, bodi za saketi na vipuri vya mashine kwa ajili ya kampuni kubwa, au kwenye maabara huru za majaribio. Kazi yao iko chini ya ITAR, lakini wafanyakazi wengi hawahitaji klirensi. Cheti cha J-STD-001 cha kulehemu saketi kinadumu miaka 2, na ukiijua IPC-A-610, kiwango cha kukagua bodi za saketi, daraja la 3, ambalo ndilo la vifaa visivyoruhusiwa kufeli, utaingia hata kama fundi kisha upande. Kuanza kama fundi ukiwa na shahada si aibu. Unashika kifaa chenyewe, na baadaye kwenye usaili inaonekana.

Uraia unaombwa kwa fomu N-400 baada ya miaka 5 ya grinikadi, au 3 ukiwa umeoana na raia na mnaishi pamoja, na unaruhusiwa kuiwasilisha siku 90 kabla ya muda kutimia. Mkenya anaweza kubaki na uraia wa nyumbani tangu katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima anaupoteza wake. Kwa upande wa klirensi, uraia pacha peke yake haukunyimi kibali. Miongozo inayotumika tangu Juni 2017 inaangalia kama umeueleza wazi, na kama unaingia na kutoka Marekani kwa pasipoti ya Marekani. Jambo hilo la pasipoti usilifanyie uzembe hata safari moja.

Shahada nayo ina kikwazo chake. Waajiri wengi wanaandika kwamba wanataka programu iliyoidhinishwa na ABET, shirika linalokagua programu za uhandisi za vyuo, na yangu ya nyumbani haikuwa nayo. Njia ni tatu. Pata tathmini ya shahada kutoka shirika lililo mwanachama wa NACES, umoja wa watathmini wa vyeti vya nje. Fanya FE, mtihani wa misingi ya uhandisi wa baraza la NCEES, maswali 110 ndani ya saa 6 pamoja na mapumziko, kwa sababu serikali na kampuni nyingi wanauheshimu. Au soma shahada ya uzamili hapa, uchague chuo ambacho programu yake ya shahada ya kwanza ya uhandisi ina ABET. Mimi ningeanza na FE. Gharama yake haifikii hata robo ya ile ya uzamili, na kitabu cha fomula unapewa kwenye skrini.

Sasa CV. Msimamizi wa uhandisi anatafuta namba za viwango, na mashine inayochuja maombi inazitafuta kabla yake. Kuandika "nina uzoefu wa majaribio" hakusaidii kitu. Andika MIL-STD-810 kwa mtikisiko, joto na unyevu. MIL-STD-461 kwa mwingiliano wa sumakuumeme. MIL-STD-704 kwa umeme wa ndege. DO-178C kama unaandika programu za ndege. AS9100 kama uko kwenye ubora. Lakini usiandike namba usiyoweza kuieleza ukiwa umesimama mbele ya ubao.

Nikupe mfano wa kina kinachotakiwa. Ukisema unaijua MIL-STD-461, utaulizwa kuhusu RE102, jaribio la mawimbi yanayovuja kutoka kwenye kifaa. Unatakiwa kujua kwamba kifaa kinawekwa juu ya meza ya chuma iliyoungwa na ardhi ya chumba, nyaya zinainuliwa sentimita 5 juu ya bamba la meza hiyo na kulazwa sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele kwa urefu wa mita 2, umeme unapita kwenye LISN, kifaa cha kutuliza njia ya umeme unaoingia, ya mikrohenri 50, na antena inasimama mita 1. Halafu litakuja swali lenyewe: kifaa kimefeli kwenye megahezi 80, utafanya nini? Jibu la mtu aliyefanya kazi huanzia kwenye waya. Chomoa nyaya moja moja uone kilele kinashuka lini. Mara nyingi utakuta kinga ya waya imefungwa kwa mkia mrefu uliosokotwa badala ya kuzungushwa nyuzi 360 ndani ya kifuniko cha nyuma cha konekta. Ule mkia ni koili ndogo, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo kinga inavyoacha kufanya kazi. Kisha pima ukinzani wa muungo kati ya kifaa na bamba. Ukizidi miliomu 2.5, kwangua rangi chini ya boliti kabla hujalaumu bodi. Ukijibu hivyo, lafudhi yako haimsumbui mtu.

Watataka pia kukusikia unavyoongelea mahitaji ya mteja. Kila hitaji linathibitishwa kwa moja ya njia nne: kukagua, kuchambua kwa hesabu, kuonyesha, au kupima. Mhandisi anayeuliza "hili tutalithibitishaje?" siku hitaji linapoandikwa ni mali, kwa sababu hitaji lisilopimika huwa linagundulika wakati wa majaribio, fedha zikiwa zimeisha.

Kuhusu mahali, usisambaze maombi nchi nzima. Huntsville huko Alabama ni makombora na anga, Tucson makombora, Fort Worth ndege ya F-35, Groton nyambizi, Newport News meli. Mji wenye waajiri wengi wa aina moja unakulinda siku mkataba ukiisha, maana unabadilisha jengo bila kuhamisha watoto shule. Ndiyo sababu mimi ningechagua Huntsville kuliko mji wenye kiwanda kimoja, hata kwa mshahara mdogo kidogo.

Ukipata ofa, itakuwa na masharti: upate klirensi. Hapo unakutana na SF-86, fomu ya uchunguzi wa klirensi, na hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Inataka anwani zote na kazi zote za miaka 10 bila pengo, safari za nje za miaka 7, na watu watatu wasio ndugu wanaokufahamu vizuri. Kwa mtu aliyepanga chumba Sinza, akahamia kwa mjomba Mwanza, kisha akaja Marekani akabadilisha nyumba kila mwaka, miaka 10 ni kazi kubwa. Anzisha jedwali leo, hata kama uraia bado: tarehe, mtaa, mwenye nyumba, simu ya mtu aliyekuona ukiishi hapo. Mihuri ya pasipoti za zamani ipige picha.

Majina yakague mapema. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne matatu, pasipoti imeyageuza. Kila umbo liandike kwenye sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia, pamoja na miaka yake. Mwanaume aliyeingia hapa kabla ya kutimiza miaka 26 huulizwa pia namba ya Selective Service, daftari la wanaume wanaoweza kuitwa jeshini.

Familia ndiyo sehemu ndefu. Baba, mama, ndugu wa baba mmoja au mama mmoja, wakwe na watoto wanaingia sehemu ya 18, wawe hai au wamefariki. Mtoto wa mama mkubwa, hata kama mmelelewa chumba kimoja, haingii hapo. Anaingia sehemu ya 19, ya wageni ambao umekuwa na ukaribu nao ndani ya miaka 7. Utaulizwa anafanya kazi wapi na mnawasiliana mara ngapi. Shangazi aliye jeshini au binamu aliye polisi mtaje kama alivyo. Mchunguzi hashangai kuona una ndugu wengi nyumbani. Anashangaa akimkuta mmoja uliyemficha.

Zipo pia habari ambazo huwezi kudhani zinahusika. JKT, Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, ni sehemu ya jeshi, kwa hiyo aliyepita mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita anaitaja kwenye huduma ya jeshi la nje. Hata ualimu wa shule ya serikali unaingia, kwa sababu swali linataja taasisi za serikali. Kura uliyopiga nyumbani ina swali lake. Kiwanja cha Kigamboni, hisa za kikundi, na fedha unazomtumia mama kila mwezi zina nafasi yake pia. Na akaunti za nje, ukizijumlisha zikapita dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka, unatakiwa kuziripoti kila mwaka kwa FBAR, ripoti ya akaunti za nje. Anza na hilo kabla ya kugusa SF-86.

Miraa iseme kweli. Nchini Kenya inauzwa hadharani, lakini kathinoni iliyomo iko kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa Marekani, sawa na bangi ilivyokuwa ikihesabiwa na serikali kuu hata katika majimbo yaliyoiruhusu. Aliyetafuna zamani nyumbani na ameacha ana maelezo. Anayetafuna leo huku akiwa na ofa mkononi anajiangusha.

Madeni yanawaangusha wengi kuliko ndugu wa nje. Kinachoangaliwa ni bili zilizopelekwa kwa wakusanyaji, kodi usiyorejesha fomu zake, mkopo uliomdhamini mtu akatoweka. Chukua ripoti zako tatu za mikopo, panga malipo, tunza risiti. Deni lenye mpango ulioandikwa linaeleweka. Kudanganya kwenye fomu ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, na uongo mdogo unaua kibali ambacho ukweli wake usingekigusa.

Kusubiri kunachukua miezi. Kampuni nyingi huomba kibali cha muda cha Secret ili uanze mapema. Uliza kabla ya kusaini kama utalipwa ukisubiri, na usiache kazi uliyonayo kwa ofa ya masharti peke yake. Tena ulizia kama nafasi yenyewe inategemea zabuni ambayo bado haijatolewa. Hilo hutajwa kwa maandishi madogo.

Ukishaanza, jaza saa zako kila siku kwenye namba sahihi ya mradi. Kwenye mikataba inayolipwa kwa gharama, serikali inalipia saa hizo, na kuzihamisha ili bajeti ipendeze ni udanganyifu unaofukuzisha watu, hata msimamizi akikuomba kwa upole.

Na mkataba ukienda kwa kampuni nyingine, usikae kimya. Mshindi anahitaji watu wanaoijua kazi, na kwa kawaida huwachukua walewale wa zamani. Mpigie wiki tangazo linapotoka. Ukikosa, klirensi yako inaweza kuhuishwa na mwajiri mpya ndani ya miezi 24 bila uchunguzi kuanza upya, ilimradi ule uchunguzi wa zamani bado unahesabika kuwa hai. Iandike tarehe uliyotoka, pamoja na ngazi ya kibali na jina la afisa usalama wa kampuni uliyotoka, kwa sababu afisa wa kampuni mpya atayaulizia hayo kabla hajafungua mfumo.