Mwaka Ufaransa ilipoifunga Australia kwao

Nikiandika kuhusu raga, maswali mnayoniuliza ni yale yale: Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, watapanda lini, nani atajaza pengo la mfungaji wetu Collins Injera, mashindano ya Driftwood ya mwaka huu yalikuwaje. Leo nivumilieni. Nina kisa cha timu ya taifa iliyosafiri hadi upande wa pili wa dunia mwaka 1951 na kufanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na kila ninapokisimulia kwa Wakenya wenzangu naona hawajawahi kukisikia. Naona ni hasara.

Kwanza mjue naandika nikiwa wapi. Mimi ni mtoto wa Mombasa, raga niliyokulia ni ile ya wachezaji saba pale Mombasa Sports Club, jua kali na vumbi. Sasa naishi Perpignan, kusini kabisa mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Uhispania, na nafanya kazi Saint-Charles, soko kubwa la jumla la matunda na mboga. Nakagua maparachichi, na mengine yanatoka kwetu Kenya. Nafungua katoni, nabonyeza karibu na kikonyo, nakata moja nitazame ndani kama limeanza kuwa jeusi. Wenzangu wa zamu ni watu wa raga, lakini si raga mnayoijua. Wao ni wa raga ya wachezaji kumi na tatu. Timu yao ni Dragons Catalans, inayocheza ligi kuu ya Uingereza tangu 2006, na iliyochukua Kombe la Challenge pale Wembley mwaka 2018 kwa kuifunga Warrington 20-14. Ukifika kazini Jumatatu hujui matokeo, utaonekana huna adabu.

Kwa ufupi, maana sitaki kuwachosha: mchezo huu ulijitenga na ule wa wachezaji kumi na tano huko kaskazini mwa Uingereza mwaka 1895, ugomvi ukiwa kuwalipa wachezaji fidia ya mshahara wanaoukosa kazini. Ukiangushwa ukiwa na mpira, unasimama, unaurudisha nyuma kwa mguu, mwenzako anauchukua, mambo yanaendelea. Siku hizi timu ina mikabo sita, yaani ikiangushwa mara sita, kisha inaachia mpira. Mwaka 1951 kikomo hicho hakikuwepo: ukijua kuulinda mpira, uliweza kukaa nao mpaka mpinzani akaishiwa pumzi. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, ilikuwa pointi 3, mkwaju wa kupitisha mpira kati ya nguzo pointi 2. Zikumbukeni namba hizo mbili, nitazihitaji.

Sasa tuje Ufaransa. Raga ya kumi na tatu ilianzishwa hapa mwaka 1934 na Jean Galia, mchezaji aliyekuwa amegombana na wakubwa wa raga ya kumi na tano. Ilikua haraka mno. Kufikia 1939 Wafaransa walikuwa mabingwa wa Ulaya, mbele ya Uingereza na Wales. Halafu vita vikaja, Wajerumani wakaingia, na serikali ya Vichy, ya Wafaransa walioshirikiana nao, ikachukua madaraka. Tarehe 19 Desemba 1941 ikatoka amri: chama cha raga ya kumi na tatu kimevunjwa na mali yake imechukuliwa. Sijui nchi nyingine ambako serikali ilikaa mezani na kuua mchezo mmoja kwa saini, huku mchezo wa jirani yake, unaofanana nao karibu kwa kila kitu, ukiachwa uendelee na viwanja vyake. Vita vilipokwisha mchezo ulirudi, mali haikurudi. Na hata walipokubaliwa kuunda chama upya, walikatazwa kutumia jina la raga. Waliitwa tu mchezo wa kumi na tatu, na hali hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1990.

Nimelisema hili mapema kwa sababu bila kulijua, safari ya 1951 inabaki kuwa mechi tatu na umati. Timu iliyopelekwa Australia mwaka huo ilikuwa ya chama kilichofutwa miaka kumi tu nyuma. Rais wake, Paul Barrière, alikuwa kijana aliyepigana kwenye vuguvugu la kuwapinga Wajerumani na akashika uongozi kabla hajafika miaka 30. Ufaransa haikuwa imewahi kuzuru Australia.

Na Australia walikuwa kilele cha mchezo. Mwaka mmoja kabla, 1950, walikuwa wamewafunga Waingereza katika mfululizo wa Ashes kwa mara ya kwanza katika miaka 30. Nahodha wao alikuwa Clive Churchill, beki wa nyuma kabisa, mdogo wa mwili, ambaye mpaka leo medali ya mchezaji bora wa fainali ya ligi yao inabeba jina lake. Nahodha wa Ufaransa naye alikuwa beki wa nyuma: Puig Aubert wa Carcassonne, mfupi, mnene kiasi, mvutaji wa sigara aliyevuta kupita kiasi, mtu asiyependa mazoezi na aliyewaachia wenzake kazi ya kukaba kila alipoweza.

Mechi ya kwanza kati ya tatu za timu hizo za taifa ilichezwa Sydney tarehe 11 Juni, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Ufaransa 26, Australia 15. Ya pili Brisbane, tarehe 30 Juni, Australia wakajibu: 23-11. Ya tatu tena Sydney, tarehe 21 Julai, uwanja umejaa tena, na Ufaransa wakashinda 35-14. Waaustralia, mabingwa wa Ashes, wamepigwa pointi 35 kwao, na mashabiki wao wenyewe wakawashangilia wageni.

Ukiuliza mtu yeyote hapa kusini kuhusu safari hiyo, atakutajia Puig Aubert na mikwaju yake. Katika mechi hizo tatu alipiga mikwaju 18 na yote 18 ikaingia. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, unaonyonya maji na kuwa mzito, na wapigaji wa siku zile walipiga kwa ncha ya kiatu. Gazeti la L'Équipe lilimchagua mwaka huo kuwa bingwa wa mabingwa wa michezo yote ya Ufaransa. Alistahili, sina ubishi.

Lakini nimekaa na matokeo hayo, kalamu mkononi, na nina neno. Mechi ya kwanza: pointi 26 ni trai nne na mikwaju saba. Trai nne ni pointi 12, na Australia walikuwa na 15. Kwa hiyo siku ile ni mguu wa Puig Aubert uliowaokoa, ni kweli. Brisbane: trai moja na mikwaju minne, jumla 11, hapo hata mguu wake haukutosha. Mechi ya tatu, iliyoamua kila kitu: trai saba na mikwaju saba. Ondoa mikwaju yote. Ondoa kila pointi aliyoifunga kwa mguu. Zinabaki pointi 21 za trai, na Australia walimaliza na 14. Wangeshinda hata kama nahodha wao angekosa kila mkwaju.

Ndiyo maana sipendi kisa hiki kikisimuliwa kama kisa cha mtu mmoja na sigara yake. Mbele kulikuwa na Élie Brousse na Édouard Ponsinet, wachezaji wa safu ya pili ya skramu, pale wachezaji wa mbele wanaposukumana, majitu wawili waliokimbia na mpira kama mabeki na kuwaangusha Waaustralia kwa nguvu ambayo wenyeji hawakuitarajia kutoka kwa Wafaransa. Nyuma ya skramu alikuwapo Jean Dop wa Marseille, mtu wa hila, ambaye hata wenzake hawakujua anaelekea wapi. Kulikuwa na mawinga kama Vincent Cantoni na Raymond Contrastin. Wafaransa walicheza kwa kupasiana, mpira ukitoka mkono hadi mkono hata karibu na mstari wao wenyewe, mahali ambapo Mwaustralia angeupiga mbali na kushukuru. Hicho ndicho kilichowavuta watu wa Sydney kurudi kujaza uwanja mwezi Julai.

Someni pia majina ya kikosi kile. Cantoni, Bartoletti, Rinaldi, Lopez, Montrucolis, Puig. Majina ya Kitaliano, ya Kihispania, ya Kikatalani. Huu ulikuwa mchezo wa watu wa mashamba ya mizabibu, wa bandari, wa viwanda, na wengi wao familia zao zilivuka mpaka au milima kufika Ufaransa. Puig Aubert mwenyewe alizaliwa Andernach, Ujerumani. Mimi ambaye kila mwaka napanga foleni na karatasi zangu mkononi ili kibali kiongezwe, sikuweza kuyapita majina hayo bila kusimama.

Aliyenifungulia haya yote ni jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kikatalani ambaye mwaka 1951 alikuwa mtoto wa shule kijijini. Baba yake alikuwa kibarua wa mizabibu. Anasema gazeti lilipofika na habari za Sydney, wanaume walikusanyika mkahawani, mmoja akasoma kwa sauti, na alipofika mwisho wakamwambia aanze tena. Kilichomkaa kichwani ni kwamba baba yake, mtu mkali asiyecheka, alimbeba begani kutoka mkahawani hadi nyumbani.

Siku moja nilimletea maparachichi yaliyokataliwa kazini, yaliyolainika mno kusafirishwa. Tulikuwa uani. Nikamwuliza Puig Aubert alipigaje. Hakujibu kwa mdomo. Akachukua parachichi moja, akainama kwa shida, akachimba kishimo kwenye udongo wa maua kwa kisigino cha kandambili yake, akalisimamisha. Kisha akalipa mgongo. Akatembea hatua chache akitazama dirisha la mkewe, kama mtu anayefikiria chakula cha jioni, akageuka na papo hapo akaja. Mguu ukasimama sentimita chache kabla ya kuligusa. "Hivyo," akaniambia. "Wengine walikaa wanatazama nguzo, wanatazama upepo, wanafuta kiatu. Yeye alikuwa ameshamaliza, binti yangu." Halafu akaliokota, akalipangusa kwa kiganja, akaniuliza kama bado linafaa kuliwa. Lilifaa. Tulilila kwa chumvi na mkate.

Mzee haniruhusu nimsifu Barrière bila kuniambia jambo la mali. Anajua viwanja vilivyokuwa vya kumi na tatu kabla ya vita na anavitaja kijiji kwa kijiji, sauti ikipanda. Namwelewa. Uwanja wa Dragons hapa Perpignan una jina la Gilbert Brutus, mtu wa raga na mpiganaji wa siri dhidi ya Wajerumani, aliyekufa mwaka 1944 mikononi mwa Gestapo, polisi wao wa siri. Watu huingia pale na skafu zao za njano na nyekundu wakila soseji, watoto wakikimbizana, na ni vizuri iwe hivyo. Lakini ningependa mgeni anayekata tiketi ajue pia kwamba mchezo anaokwenda kuutazama uliwahi kupigwa marufuku na serikali iliyokuwa ikishirikiana na hao waliomuua mtu ambaye uwanja una jina lake.

Timu iliporudi kutoka Australia, Marseille ilimwagika barabarani. Wachezaji walipitishwa kwenye magari katikati ya umati uliojaa Canebière, ile barabara kuu inayoshuka hadi bandari ya zamani. Naifahamu vizuri, kwa sababu nikienda Marseille kuwaona rafiki zangu Wangazija huwa tunakutana pale chini, bandarini. Kila nikiipanda barabara ile sasa, namtafutia Dop nafasi yake, mchezaji wa Marseille anarudi kwa namna ile.

Na safari haikuishia kwenye sherehe. Ushindi ule ulimpa Barrière nguvu ya kusukuma wazo lake la Kombe la Dunia. Likachezwa Ufaransa mwaka 1954, miaka 33 kabla ya raga ya kumi na tano kuwa na la kwake. Wenyeji walifika fainali pale Parc des Princes na wakafungwa na Waingereza 16-12. Mwaka 1955 walisafiri tena Australia, na wakashinda tena mfululizo, mechi mbili kwa moja. Hebu fikirieni: mara mbili mfululizo, kwenye nchi ambayo leo timu yoyote ya taifa inakwenda ikiwa imejiandaa kufungwa.

Timu ya taifa ya Ufaransa ya leo haiko hapo, na inaniuma kuiona ikifungwa kwa tofauti kubwa na watu ambao babu zao walikaa Sydney wakiwapigia makofi Wafaransa. Vijana wazuri wapo, nawaona kila wiki. Wanachohitaji ni mechi kubwa za mara kwa mara, na safari. Kijana wa miaka 20 hajifunzi kucheza na Waaustralia kwa kuwatazama kwenye simu.

Kama uko Toulouse, Marseille au Barcelona na unasoma Kiswahili hiki, njoo Perpignan msimu ukianza. Treni inakushusha mjini, na kufika Gilbert Brutus si safari. Niandikie kabla, nitakukatia tiketi upande ninaokaa na mzee. Yeye atakueleza mikabo, mimi nitatafsiri, na kachumbari ya maparachichi nitaleta mimi.